Mzushi wa Mizani Nane

Kaka, nimeitwa mzushi. Kanisani, mbele ya kwaya nzima, na aliyeniita ni baba yake mchumba wangu.

Si unajua yule mzee ni katekista. Nilitaka anikubali, basi nikatunga shairi la Utatu Mtakatifu, nikalisoma leo kwenye mazoezi. Nikafika hapa: "Wa kuumbwa Mwana kwanza, ndipo dunia kuanza."

Mzee akavua miwani. "Rudia."

Nikarudia, tena kwa madaha, nikidhani kanogewa.

"Kijana, hayo padri mmoja aitwaye Ario alishayasema. Mtaguso wa maaskofu ukayalaani miaka elfu moja na mia saba iliyopita. Mwana alizaliwa, hakuumbwa."

Yaani hata uzushi wenyewe si wangu.

Nami sikunyamaza. Nikamwambia, "Mzee, nikiweka kuzaliwa, mizani zinakuwa tisa."

Tisa, kaka. Nilimwambia hivyo kweli.

Akaniuliza, "Kwa hiyo Mungu apunguze moja?"

Kwaya walicheka mpaka mpiga kinanda akalalia kinanda. Mchumba wangu yumo, sauti ya kwanza, naye anacheka.

Hukumu ni hii: habari za binti yake hatazungumza nami mpaka nirudie mafundisho ya Kipaimara, pamoja na watoto wa miaka kumi. Nimekubali. Nampenda yule msichana kuliko vina, na hilo usimwambie mtu.

Ubeti wa Roho Mtakatifu nimeshautunga, nakutumia sasa hivi. Wewe ulipita seminari. Usome kwanza, uniambie kama nao ulishalaaniwa.