Redio Imeshuka Kabatini

Jumamosi, Kisesa

Mvua imenyesha alfajiri ikaacha matope hadi mlangoni. Nipo nyumbani tangu jana, viatu vyangu vya mjini vimeharibika, na bado nina furaha. Niliandike hilo kwanza.

Mdogo wangu Masanja amelima leo na wenzake.

Huku kwetu vijana hulima kwa kikundi. Ngoma inapigwa, wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Anayeyumba anaweza kumkata mwenzake mguu. Masanja alikuwa kinara wao, mpaka msimu wa pamba wa mwaka juzi, redio ilipoanza kumsema. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, bei zinatangazwa kila siku, naye akasikia jina lake ndani ya bei zile. Baadaye jogoo naye akawa anamsema, kisha malori ya barabarani. Mama akaifunga redio kwenye khanga, akaipandisha juu ya kabati.

Tukaishi bila redio.

Vidonge vya hospitali vilimtuliza, lakini vikamkausha mwili. Mikono ikatetemeka, uso ukasahau kucheka, jembe lake likawa linashuka baada ya wenzake. Kikundi kikamwomba apumzike. Kwa uchungu akaviacha vidonge. Mama hakumzuia, kwake dawa zote ni kama za malaria, ukimaliza dozi umepona. Haukupita muda sauti zikarudi. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikawapeleka wote wawili hospitali mjini.

Nilikwenda nimekunja uso, tayari kugombana. Daktari alikuwa kijana mpole, akaongea na mama wala si na mimi mwalimu. Alisema kichwani kuna kemikali inaitwa dopamini. Kazi yake mojawapo ni kama ya mbwa wa nyumbani: inabweka penye jambo la kuangalia. Ya Masanja inambwekea kila mpita njia, hata jogoo, hata redio. Dawa inamtuliza mbwa huyo. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo inasaidia mikono na miguu kwenda sawa, kwa hiyo ikizuiwa mno mwili unakakamaa. Akasema pia kwamba dopamini si maelezo yote ya ugonjwa huu, mengine wao wenyewe hawajayajua. Hapo nilimpenda.

"Kwa hiyo hakulogwa?" mama akauliza.

"Hakulogwa, mama. Ila dozi hii haiishi kama ya malaria."

Akapunguza kipimo, akaongeza kidonge cha kulegeza mwili. Miezi imepita tangu hapo. Mama ndiye anayemkumbusha sasa, na ole wake asahau!

Leo walimweka mwisho wa mstari, penye nafasi. Nilisimama pembeni mwa shamba nikijifanya naangalia mawingu. Jembe lake lilichelewa kidogo mwanzoni, halafu likaingia kwenye ngoma. Nililia, sioni aibu kuliandika.

Jioni, tulipomaliza ugali na sato, Masanja aliinuka bila kumwuliza mtu, akaishusha redio, akaifungua khanga, akaiwasha. Mama aliacha vyombo. Kilikuwa kipindi cha salamu, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo, maana katika salamu majina hutajwa kweli.

Likatajwa. Masanja, fundi baiskeli, anawasalimu ndugu zake wote popote walipo.

Masanja akanigeukia.

"Dada, na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Amesema Masanja?"

"Amesema Masanja."

Akaikazia macho redio kwa muda. Nilitamani kuizima.

"Huyo ni fundi baiskeli," akasema. "Mimi ni mkulima."

Na uso wake ukacheka, wote, mpaka macho. Mama akarudi kwenye vyombo vyake akiimba na redio, vibaya kama zamani. Hatujamnyamazisha.