Vioja Amekufa Tena

Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mgongo wako. Huku mimi na Mama tunapumua, zaidi ya hapo sina la kusema.

Mdogo wetu Vioja amefariki jana alfajiri. Nimekupigia simu mara tisa. Namba yangu umeifungia. Nikaazima simu ya jirani, ukasikia sauti yangu, ukakata. Ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii akukabidhi mkononi. Tunazika Ijumaa saa tisa alasiri. Ukipanda basi Jumatano utatuwahi. Mama amesema jeneza halifungwi mpaka ufike.

Najua unachofikiria. Safari hii ni kweli.

Mdogo wako


Jumatano, 6 Machi

Marahaba, mwongo mkubwa wewe.

Mimi sijambo, mgongo haujambo, na akili ndiyo nzima kabisa.

Kwa hiyo Vioja amekufa tena! Huyo kinyozi ana roho ngapi? Mwaka jana ulinililia kwenye simu, "Dada, lori limemkanyaga, njoo," ukaapa kwa kaburi la Baba. Nikaacha pasi ya moto mezani, nikasafiri siku mbili nikilia mpaka abiria wenzangu wakawa wananinywesha maji. Nafika, namkuta marehemu kakaa kwenye kiti chake cha kunyolea, kajifunika shuka jeupe, ananiuliza, "Dada, umeniletea nini?" Eti ni siku yake ya kuzaliwa na alikuwa amenikumbuka. Na wewe umesimama pembeni na keki! Mtaa mzima ulicheka. Mimi niliporudi hapa hospitali nilitolewa chumba cha pasi, nikapelekwa kwenye mashuka yenye damu, na niko huko mpaka leo.

Barua yako nimewasomea wenzangu wa dobi. Tumecheka mpaka msimamizi kaja kuuliza kuna nini. Nimewaigizia anavyotembea, na anavyomnyoa mteja nusu kichwa kisha anatangaza mapumziko. Mwambieni marehemu azikwe na mdomo uliogandishwa kwa gundi, la sivyo atawasumbua wenzake huko. Na Mama aache kuwaazima jina lake wahuni wawili.

Dada yako asiyedanganyika


Jumatatu, 11 Machi

Shikamoo Dada,

Sijui nikuulize hali kwa namna gani. Mama hajambo, kwa kusema tu.

Tulimzika Ijumaa. Tulikusubiri mpaka saa kumi na moja. Kila basi lilipoingia Mama alinituma nikaangalie. La mwisho lilileta barua yako. Niliifungua mbele ya watu nikidhani inasema uko njiani. Mama akasema, "Soma kwa sauti." Nikamwambia unaumwa, umelazwa. Ni uongo wangu wa mwisho.

Sina kiapo cha kukupa, nilishakitumia. Nitakueleza tu. Ilikuwa homa. Siku ya kwanza alinyoa wateja wanne. Ya pili alilala. Ya tatu nilikaa naye kutwa, nikimchokoza kwamba ndevu zake zinamwaibisha kinyozi yeyote. Alinitazama kama mtu asiyejua lugha ninayosema. Hakusema la kuchekesha, Dada, wala la kukumbukwa. Aliomba maji. Aliniuliza kama ataamka kesho. Alikuwa anaogopa.

Jeneza nimelitengeneza mwenyewe, kwenye meza ileile ninayotengenezea makabati ya watu. Nilimpima mara tatu, na mimi sipimi mara tatu. Nilikuwa nampa nafasi ainuke.

Mwaka jana yeye ndiye aliyetunga, lakini aliyelia ni mimi, na nililia vizuri mno. Sasa nikilia najisikia kama naigiza.

Mama anauliza kila siku ugonjwa wako umefikia wapi.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Machi

Marahaba.

Mimi si mgonjwa. Mwambie Mama ukweli wote, barua yangu na kila neno lililomo. Usipomwambia nitamwambia mimi.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tatu. Nimeisoma kila siku nikitafuta mahali mtakapocheka. Nimegeuza hadi nyuma ya karatasi. Kurasa mbili, na hamna utani hata mmoja. Vioja asingekuacha uandike hivyo, angechomeka kitu, walau kwenye sahihi. Juzi nilikuwa natoa mashuka mashineni, ndipo nikaelewa kwamba hakuna tena wa kuchomeka. Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji. Wenzangu wakacheka, wakadhani namwigiza.

Ijumaa ile, saa zile mlipokuwa mkimwaga udongo, waliniomba niwaonyeshe tena mwendo wake. Nikawaonyesha, mara mbili.

Sijakusamehe. Sijamsamehe yeye, na mimi mwenyewe ndiyo kabisa. Nakuja hata hivyo. Nimeomba ruhusa, wamekataa, nakuja. Nitafika Alhamisi.

Onyo moja. Watakuja watu na maneno yao laini: kwamba kijana wetu alikuwa mtu wa furaha, kwamba huko aliko anacheka, kwamba dada yake kutoamini ndilo bao lake la mwisho na angelifurahia kuliko yote. Waondoe kabla sijafika, maana nitawajibu kwa sauti, Mama akiwa amekaa hapohapo. Asingefurahia lolote. Alikufa akiogopa, na mimi sikuwapo. Kitu alichopenda mtu yule ni kimoja tu, kuwa hai.

Dada yako