Baba Amepeleka Shilingi za Kenya Benki

Ushirombo,
Jumatatu, 18 Aprili 1983.

Mpendwa kaka Kalisti,

Shikamoo. Habari za huko Kisumu, na habari za wifi Zipora na watoto? Sisi huku afya tunazo, tunamshukuru Mungu. Miguu ya mama imepungua kuvimba. Mvua haijatunyima, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kubeba. Nimetanguliza habari njema kwa makusudi, kaka, maana sina nyingine.

Baba ameondoka alfajiri na basi la Kahama. Amevaa koti lake la kanisani, na mfuko wa ndani una zile noti zako za Kenya. Anakwenda benki kuzibadilisha. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, na kila gari likinguruma barabarani naweka kalamu chini.

Nianzie mwanzo usije ukachanganyikiwa. Noti zilipofika ndani ya pindo la kitenge ulichomtumia mama, baba alizipeleka Runzewe kwenye kikao cha mahari ya mdogo wetu Maganga. Walikuwa wamebaki ng'ombe wawili, ikakubaliwa tulipe fedha badala yao. Baba akazitandaza noti mkekani, akasema hizi ni elfu mbili, shilingi ni shilingi. Mzee Thobias, baba wa binti, hununua dhahabu kwa wachimbaji kule Katoro. Alizipokea kwa mikono miwili. Unadhani alikuwa hajui? Huku uchochoroni kwa walanguzi shilingi moja ya Kenya inapata tano za kwetu! Baba alilipa ng'ombe wawili kwa bei ya kumi, akarudi nyumbani anaimba.

Mume wangu Leodgar alipomweleza, baba aliwaka. Lakini hakumkasirikia Thobias, alimkasirikia Leodgar. Akatusimulia tena ile safari yake ya meli, enzi za mgodi wa Geita, alipokwenda Kisumu na mshahara wake akanunua baiskeli, na chenji aliyopewa huko akanywea chai Mwanza bila mtu kumuuliza kitu. Kwake yeye ile shilingi moja ya Afrika Mashariki bado iko hai. Ukimwambia kila nchi sasa ina yake, anasema kilichobadilika ni picha tu.

Mambo yangeishia hapo tukabaki tunamcheka. Lakini mwezi uliopita ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Kaka, huko redioni mnasikia, huku tunaona. Watu wanatupa vitenge na katoni za sabuni vichakani. Mgambo wanaingia mpaka jikoni. Ukikutwa na fedha za nje ni kosa, na kwa jinsi mpaka wa Kenya ulivyofungwa ni kosa juu ya kosa. Thobias naye akaingiwa na baridi. Akaja hapa wakati wa magharibi, akaziweka noti zote chini ya ungo wa mama, akasema tutamlipa kwa fedha za hapa pamba ikishauzwa. Hata maji hakunywa.

Tangu hapo nyumba haina amani. Mimi nilitaka tuzichome, na nisamehe kwa kusema hivyo juu ya jasho lako. Mama alitaka tuzifukie. Leodgar alijua dereva wa kumuuzia. Baba alikataa yote. Alisema fedha ya mwanawe si gongo mpaka ifichwe, na benki ndiyo nyumba ya fedha. Kuna kichekesho hapa, kama ningekuwa na moyo wa kucheka: kwa bei ya benki, shilingi yenu haifiki hata moja nzima ya kwetu. Uchochoroni tano, dirishani pungufu ya moja! Nikamwambia, baba, unakwenda kupata hasara na kufungwa juu yake. Akanijibu, "Ng'wanawane, mwanangu, hasara ya halali hainisumbui."

Jana baada ya Misa nilimpigia magoti. Nikamuuliza, wakitaka kujua umezipata wapi? Akasema atawaambia. Unamjua baba, uongo haupiti mdomoni mwake. Zamani nilijivunia tabia hiyo. Siku hizi inanitetemesha.

Nimeinuka kutazama basi la kwanza. Hakuwemo. Mama ameshika rozari, chakula kimepoa.

Amerudi! Kaka, amerudi mzima, ameteremka kwenye basi la pili na koti lake halina hata kunyanzi. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Fedha za hapa anazo mkononi, pungufu kama nilivyosema, na karatasi ya benki yenye mhuri. "Si niliwaambia?" anatuuliza sote, na sisi tunaitikia kama watoto.

Nilimletea maji ya kunawa nikamuuliza walimpokeaje. Vizuri mno, anasema. Walimpa kiti. Akaitwa bwana mmoja mstaarabu kutoka chumba kingine, akamwagizia chai, wakazungumza taratibu. Bwana huyo alitaka kujua fedha zimetoka kwa nani. Baba akamtajia jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, na kazi yako, na mtaa unaokaa. Aliyezileta hakumtaja kwa kuwa hamjui, tulimficha jina. Kisha yule bwana akauliza kwa upole kama mwana mwema namna hiyo huja kuwasalimu wazazi. Baba akamjibu: anakuja Krismasi. Bwana akaandika.

Kwa hiyo ile safari uliyotuahidi, ya kupitia njia za panya kule Sirari, usije. Najua ni miaka sita hatujaonana. Najua mama ameshamtenga mbuzi. Naumia kuiandika, lakini usije Krismasi, wala Pasaka, mpaka nikuandikie mimi kwa mkono wangu. Barua hii siipitishi posta, inakuja na yule yule unayemfahamu. Ukiisoma ichome.

Baba sijamwambia kitu, na sitamwambia. Yuko kwa jirani, anawasimulia habari za benki.

Msalimie sana wifi Zipora, uwabusu watoto. Maganga na mkewe wanakusalimu, Leodgar pia. Mama anakuombea kila jioni, Mungu akufunike huko uliko. Baba anakusalimu kuliko wote. Anasema nisisahau kukuandikia kwamba yule bwana wa Kahama naye anakungoja kwa hamu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Coletha