Verlyn Afungiwa Chini ya Nyumba Yake

Marit, siamini nilichokishuhudia sasa hivi kwa jirani yangu Verlyn!

Alikuwa ametambaa chini ya nyumba yao ya kuhamishika, akiyaviringishia mabomba blanketi kabla barafu ya Minnesota haijayapasua. Huku nje, mabati ya kuzuia upepo yakawa yanakazwa kuziba uwazi wa chini ya nyumba pande zote, moja baada ya jingine. Hadi la mwisho!

"We LaVonne, mimi nimo humu!"

"Najua, mpenzi," akajibu mkewe. "Mama atakaa nasi msimu huu wa baridi?"

"Thubutu!"

Skrubu nyingine ikaingia. Nasema skrubu NYINGINE, Marit!

"Kuna kitu chenye manyoya huku! Haya, aje! Aje na paka wake!"

Bati likafunguliwa. Aliyeshika bisibisi alikuwa mama mkwe mwenyewe.

"Asante, mkwe. Mizigo iko garini."