Jani Kichwani mwa Aika

Isipingo, Durban
11 Machi 2024

Dada Sia,

Shikamoo kutoka huku kwenye jasho. Mguu unasemaje na mvua za mwezi huu? Na mama, bado anamsalimia ng'ombe kabla ya kuwasalimia watu?

Mimi ni mzima. Bado naosha magari kule Clairwood, kwenye yadi ya Bwana Niimura. Ni magari yaliyotumika Japani. Yanashuka bandarini hapa, kisha wateja wa Kongo, Zambia na kwetu wanakuja kuyachukua. Juma lililopita bosi alinikuta nikichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo, akaniuliza kama naweza kuchora kwenye karatasi. Nikasema naweza kiasi.

Nina ombi. Nipigie picha michoro ya Aika, yule msichana uliyemtunga mwenyewe, ile mikubwa uliyobandika darasani kwako chekechea. Nataka niiweke ukutani, chumba changu kitupu. Piga mchana, pasiwe na kivuli.

Nimeandika kwenye shajara kwamba leo nimekuandikia. Najua unacheka.

Mdogo wako,
Gadiel


Marangu
14 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu unalalamika, lakini nimeshauzoea kama jirani mbaya. Mama hajambo, na ng'ombe amesalimiwa.

Nimecheka, ndiyo. Shajara tangu kidato cha kwanza! Nadhani sisi wawili ndio watu wa mwisho wanaoandika kwa kalamu halafu wanapiga picha karatasi ili itumwe kwa simu. Usiache.

Picha tano hizo hapo. Aika yuleyule, mkongojo mkono wa kulia, jani la sale mkono wa kushoto. Watoto waliponiona napiga picha wakauliza Aika anakwenda wapi. Nimewaambia anakwenda Durban kumtembelea mjomba wake.

Unakumbuka alivyozaliwa? Ulikuwa na miaka tisa. Uliuvunja mkongojo wangu ukiangusha parachichi, bibi akachuma sale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, akakupa uniletee kuniomba msamaha, kama ilivyo kwetu. Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua kumi na mbili, nawe ulilia zote. Jioni ile ndipo nilipomchora mara ya kwanza, na jani lako mkononi. Mambo hayo nayaandika sasa kuwa kitabu cha watoto. Mchapishaji mmoja wa Moshi mjini amekubali kukitazama kikiisha. Usimwambie mtu, nisije nikaaibika.

Dada yako,
Sia


Isipingo
2 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Natumaini baridi ya mwezi huu haijamfungia mama ndani. Huku pia kuna baridi, ila ni ya kuvaa sweta tu.

Nimepandishwa kidogo. Siku mbili kwa wiki siku hizi nachora mabango ya yadi. Wenzangu ni Wakongo, watu wa utani. Yuko Achille, fundi umeme wa magari, na Huguette wa ofisini. Hakuna jipya zaidi ya hapo.

Picha zilifika. Ukutani zinapendeza.

Mdogo wako,
Gadiel


Marangu
19 Oktoba 2024

Gadiel,

Hujambo? Mama anakusalimu. Sisi wazima.

Japhet, yule wa mabasi madogo, amerudi na gari lake kutoka Durban. Jumapili baada ya ibada alikuwa akiwaonyesha watu video kwenye simu, nami nikaitwa niione. Lango la yadi ya magari. Mdoli mkubwa wa sponji, mtu yuko ndani, anacheza na kuwapungia wateja. Mviringo kama chungu. Macho ni yale niliyomchora mimi, na vitone vitatu shavuni. Kifuani pameandikwa Aika.

Hana mkongojo. Ana miguu miwili mifupi iliyo sawasawa. Na jani la sale limemwota kichwani kama kishungi cha kuku, linatikisika akiruka. Kwenye video Japhet anasikika akicheka: "Jamani, mnamwomba nani msamaha hapa?"

Ulisema ni za ukutani. Nieleze.

Dada yako,
Sia


Marangu
23 Novemba 2024

Gadiel,

Mwezi umepita. Najua umesoma, simu yangu inanionyesha.

Juzi nilipeleka kitabu Moshi mjini. Nilifunga michoro kwenye khanga mpya, nikapanda gari saa kumi na mbili asubuhi. Mchapishaji akafungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu, akatoa simu yake. Ile video imeshazunguka mkoa mzima. Akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto aliyekutwa na pipi ya dukani, "Mwalimu, hii umeiona wapi?"

Nikasema ni yangu. Akasema hana neno na mimi, ila hawezi kuchapisha mali ya kampuni ya watu. Akanisaidia kufunga khanga. Ngazi za pale ni nyingi, na niliteremka nikijua anatazama ninavyoteremka.

Nimeona aibu, Gadiel, na nimeibeba hadi nyumbani. Lakini nimeiangalia vizuri na si yangu. Ni yako. Njoo uichukue.

Sia


Isipingo
8 Desemba 2024

Dada Sia,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia. Sikuulizi hali, najua niliyekuharibia ni mimi.

Sina maelezo ila haya ya shajara. Nayanakili bila kupunguza.

Tarehe 15 Machi nimeandika: "Picha za dada zimefika jana. Nimempelekea bosi, kaduwaa." Hazikukaa ukutani hata siku moja.

Tarehe 18: "Bosi kaeleza. Kwao kila mji una mdoli wake. Mtu humvaa, hucheza sokoni na kwenye sherehe, wageni wakaupenda mji. Mji wake yeye unalima vitunguu, mdoli ana kichwa cha kitunguu. Lazima abebe alama ya kwao mwilini. Awe mviringo, mtoto amkumbatie asiumie. Anataka yadi iwe na wa kwake, ila atoke Afrika. Kafurahi kwamba hata Japani kuna wasichana wanaoitwa Aika."

Tarehe 20: "Achille kautazama mchoro, kasema: Mukubwa, iko muzuri sana, lakini huyu mutoto iko na fimbo. Bakiliya batasema hata mutuka zetu zinachechemea. Yaani wateja watadhani hata magari yetu yanachechemea. Tumecheka wote." Dada, na mimi nilicheka. Kisha nikachukua kifutio nikaufuta mkongojo. Haikuchukua dakika mbili. Ni mara ya pili nauvunja.

Tarehe 22: "Mkono wa sponji ni mfupi, haushiki jani. Bosi kauliza jani ni la nini. Nimesema ni mmea wa kwetu tu. Limekwenda kichwani." Mmea wa kwetu tu. Nilisema hivyo mimi, niliyelibeba hatua kumi na mbili.

Tarehe 26 haina kitu. Tangu kidato cha kwanza hakuna siku nyingine tupu, nimepekua madaftari yote. Siku hiyo bosi alileta fomu. Mdoli wa kwao hupewa siku ya kuzaliwa, chakula anachopenda, na jina la aliyemzaa. Nilijaza vyote. Kwenye mzazi nikaandika Gadiel. Nilipofika nyumbani nilifungua shajara, nikaifunga.

Bosi bado hajui. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Naogopa atanifukuza, na kibali changu cha kazi kiko mikononi mwake.

Nimelitafuta jani. Nilipeleka gari Westville, nikaona sale kwenye bustani ya nyumba moja, wamelipanda kama pambo. Nimelipiga picha. Liko chini ya barua hii. Nipokee.

Mdogo wako,
Gadiel


Marangu
9 Desemba 2024

Sale haliletwi kwa simu.

Sia


Isipingo
17 Januari 2025

Dada Sia,

Shikamoo. Barua hii haikupigwa picha. Anayekukabidhi ni mama Deborah, muuza vitenge wa hapa, mtu wa Machame. Jumapili anasafiri kwa basi, siku nne njiani. Nimemwomba asiketi wala asinywe maji kwako kabla hajakukabidhi alichobeba. Aliponiuliza ni nini nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe mna makubwa," akakipokea kwa mikono miwili.

Uliponijibu kwa maneno manne sikulala vizuri wiki nzima. Nilijua ulichokataa. Nilitaka kuomba msamaha bila mtu yeyote kuniona nikiomba.

Tarehe 6 yadi ilipofunguliwa baada ya sikukuu nilikwenda kwa Bwana Niimura kabla sijavaa buti. Nikamwambia mzazi wa Aika ni dada yangu, mwalimu wa chekechea. Akauliza kama una habari. Nikasema sasa unayo. Akauliza mkongojo uko wapi, kwa sababu nilibeba picha zako na yeye ana macho. Nikamweleza tulivyocheka. Mwisho akaulizia jani, nikamweleza sale ni nini kwetu.

Hakupandisha sauti, ningeshukuru kama angepandisha. Alisema, "Kwa hiyo miezi yote hii langoni kwangu tumekuwa tukiwaomba radhi wateja, nami sijui nilichowakosea." Kisha akatoka nje mwenyewe kumsimamisha Huguette, ambaye ndiye huvaa mdoli. Huguette akavua kile kichwa, jasho linamchuruzika, akaelezwa mbele yangu na mbele ya wateja wawili wa Lubumbashi. Akaniambia, "Niko nacheza na haya yako juu ya kichwa tangu mwezi wa sita? Eish, Gadiel."

Achille hakunitania. Alisema, "Ungesema huyu mutoto iko dada yako, singesema vile." Afadhali angenitukana. Yeye hakujua, mimi nilijua.

Mdoli ameingizwa kwenye boksi, boksi limefungwa. Sikufukuzwa. Nimerudi kwenye mpira wa maji siku zote sita, na mabango anachora mtu mwingine. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya Bwana Niimura yenye muhuri, anaeleza mchoro ni wa nani na kwamba yadi haina haki nao. Mpelekee mchapishaji. Nimeomba iandikwe pia kwamba nilidanganya. Yeye alisema si lazima. Nikasema kwetu ni lazima.

Jani nililifuata Westville kwa miguu kutoka kituo cha taxi, kule watu wote wanaendesha, hata mbwa walishangaa. Nikabonyeza kengele. Mama mwenye nyumba alidhani naomba kazi. Nikamwambia naomba jani moja, nimemkosea dada yangu. Akaenda kuleta mkasi. Nikamwomba anichumie yeye, kwa sababu siku ile lilichumwa na bibi.

Nimelilaza kwenye shajara, ukurasa wa tarehe 26 Machi, nao ninautuma wote kwako. Nimeuchana. Sasa daftari lina pengo na sitaliziba.

Mdogo wako,
Gadiel


Marangu
2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Mguu ni uleule.

Mama Deborah alifika Ijumaa, tarehe 24, na vumbi la nchi nne. Mama akamvutia kiti, akakataa. Akaletewa maji, akakataa. Mama akaanza kukasirika, akidhani amekuja kudai. Ndipo akafungua pochi. Jani limekauka na kukunjika katikati, na kwenye ukurasa limeacha doa la kijani. Alisimama jikoni, mimi nikiwa barazani, kwa hiyo akatembea zile hatua. Yeye ni mrefu, zilimtosha tisa.

Nimelipokea. Kwetu sale halikataliwi, nawe ulijua hivyo ulipolituma, na hilo nalo limenichoma kidogo. Nakuambia ili usidhani limekuwa jepesi. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikwenda kufundisha.

Mchapishaji ameisoma karatasi mara mbili. Amesema nirudi mwezi wa nne. Hakuniomba radhi, ila safari hii aliteremka ngazi pamoja nami.

Watoto wameuliza kama Aika amerudi. Nimesema amerudi. Wakauliza mbona mjomba hakuja naye, nikawapa kalamu za rangi.

Kitabu nimekiongezea mchoro mmoja mwishoni. Aika ameketi barazani, mkongojo uko magotini, mikono yote miwili imefunguka, haina kitu. Mbele yake kuna mtu mzima anakuja, ameshika jani. Viatu vyake nimevimaliza, na shati, na mkono. Uso nimeuacha mweupe. Nimejaribu mara tatu ikashindikana, maana nakumbuka ulivyokuwa ukiona aibu una miaka tisa tu. Ya ukubwani sijaiona.

Njoo nikutazame.

Dada yako,
Sia