Uji Niliuruhusu Mimi

Shangazi Kuruthumu wa redio, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka thelathini, niko Mbalibali, nalima na kufuga, na nakuandikia haraka haraka kwa sababu kikao cha familia ni Jumapili hii na mpaka sasa sijui nitasema nini, nakaa nasimama, natoka nje narudi ndani, leo hata ng'ombe nimewasahau zizini mpaka jua limepanda.

Mke wangu anaitwa Boke, kwao ni Tarime, tuna mtoto mmoja wa kike, Nice, ana miezi minne. Boke alipokuwa mjamzito nilimsindikiza kliniki, nesi akatukalisha wote wawili akasema mtoto ni ziwa la mama tu mpaka miezi sita, hata maji asipewe, na mimi nikakubali kwa moyo wangu wote, na alipojifungua nikawa nachota maji mwenyewe kwa baiskeli na kumpakata mtoto ili mama yake ale ashibe. Basi hapo ndipo maneno yakaanza. Kaka yangu mkubwa, Simioni, akinikuta na mtoto mapajani anacheka mpaka anashika mbavu, "Mura, wewe umekaliwa na mke! Bado kunyonyesha tu." Na watu wa pale dukani wakaacha kuniita jina langu, wakawa wananiita Mama Nice.

Mwezi uliopita palizi ikapamba moto, Boke akawa anaamkia shambani na kurudi saa saba kunyonyesha, mtoto anabaki na mama yangu, na tulipatana kwamba mtoto akilia kabla ya saa saba kazi yangu ni kumbeba nimpeleke kwa mama yake. Nikampeleka siku mbili, Shangazi, siku mbili tu, kwa sababu njia inapita pale pale dukani. Siku ya tatu mtoto akalia, mama akaniuliza, "Waitara, huyu ana njaa, nimpe kauji kidogo?" na Simioni alikuwa amekaa hapo ananitazama kwa jicho lile lake, nikajibu kwa sauti ili asikie, "Mpe tu mama, sisi wote si tumekulia uji?" Kisha nikamvuta mama pembeni nikamwambia Boke asijue. Tangu hapo ikawa kila siku, uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, na Boke akirudi namwambia mtoto alilala.

Wiki ya pili Nice akaanza kuharisha, akakonda mpaka shingo ikawa nyembamba. Tukampeleka zahanati, nesi akauliza mnampa kitu kingine? Boke akaapa, "Nesi, Mungu ananiona, hata tone la maji," na mimi nimesimama pale pale nimeshika kadi ya mtoto, nikanyamaza. Tukapewa dawa, akapata nafuu, kisha ikarudi tena, maana uji haukukoma, na mimi sikuukomesha.

Sasa mama na Simioni wanasema mtoto amebemendwa. Lile neno unalijua, kwamba mmoja wetu ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya na ndiyo maana mtoto anadhoofika, na wameshaamua huyo mmoja ni Boke, Simioni anasema siku za mnada Mugumu anachelewa kurudi kwa hiyo ana mtu huko. Jumapili wanataka arudishwe kwao, mtoto abaki kwa mama alelewe kwa maziwa ya ng'ombe. Boke mwenyewe ameanza kuamini kwamba maziwa yake ni mabaya, anayakamua nyuma ya nyumba yanamwagika chini huku mtoto analia ndani. Jana akaniuliza, "Waitara, na wewe unaamini hayo?" Nikamwambia sijui. Sijui! Mimi ninayejua kila kitu.

Naomba unisaidie, niseme vipi ili Boke abaki, mama asiaibike, na Simioni asipate la kunicheka?

Waitara, Mbalibali

*

Marahaba, Waitara. Jina hilo nimekupa mimi, na ya wenzako yote nimeyabadilisha, ili wasikilizaji wasiwajue. Barua yako imenifikia jana na leo ni Jumamosi, kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza.

Umeomba mambo matatu. Hilo la Simioni lifute kabisa. Hukuruhusu uji kwa sababu mtoto ana njaa, uliruhusu kwa sababu kaka yako alikuwa anakutazama. Mtoto wa miezi minne anaharisha kwa ajili ya kicheko cha mtu mzima mwenye ndevu zake. Hebu jisikie!

Pole ninayo, usidhani sina. Mume wangu, Maftah, ni fundi cherehani hapa Mugumu, na nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuwa anafua nepi chumbani, mlango ameufunga kwa komeo, eti majirani wasimwone. Nikamcheka, na mpaka leo najuta kumcheka. Lakini nepi alifua. Wewe ulianza vizuri kuliko yeye, ukashindwa kupita mbele ya duka.

Na hili neno kubemenda, jamani, nimelisikia tangu niko darasa la pili na kila mara linamwangukia mwanamke. Mtoto akikonda hakuna anayeuliza amekula nini, wanauliza mama yake amelala wapi. Maziwa ya Boke hayaharibiki kwa mdomo wa shemeji. Kilichomwumiza Nice ni ule uji na maji yake na kikombe chake, kwenye tumbo ambalo bado halijawa tayari. Na ulilijua hilo siku ile umeshika kadi. Mkeo anaapa kweli tupu mbele ya nesi, na wewe unamwacha aonekane mwongo. Hapo ndipo uliponiudhi kuliko pote.

Sasa sikiliza. Anza na Boke, leo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimzungushe kwa hadithi ya palizi. Mwambie, "Uji niliuruhusu mimi." Maneno matatu tu. Akilia, akikutukana, nyamaza. Kunyamaza unakuweza.

Kisha mbebeni mtoto mwende zahanati leo leo, kwa nesi yule yule, umwambie ukweli Boke akisikia. Mkiona mtoto macho yamedidimia, amelegea au anakataa ziwa, msingoje hata kubadilisha nguo. Boke amnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana, hata akiwa anaharisha. Maziwa yakipungua yanarudi kwa mtoto kunyonya, hayarudi kwa kumwagwa nyuma ya nyumba. Ya ng'ombe waachieni ndama, na uji ungoje miezi sita itimie.

Mama yako usimfanye mchawi. Alikuuliza kwa nia njema, ukamjibu, tena ukamfundisha kuficha. Mwombe msamaha, mpeleke naye kliniki akasikie kwa masikio yake, maana bibi akielewa hakuna mlinzi wa mtoto kama yeye.

Kesho kwenye kikao usingoje kuulizwa. Simama wa kwanza, mtoto ukiwa umempakata wewe, useme mke wangu hana mtu Mugumu, aliyekosa ni mimi. Simioni atacheka, mwache acheke mpaka achoke. Na Jumatatu mtoto akilia, mbebe upite pale pale dukani, wakikuita Mama Nice itikia, uende zako shambani.

Majina nimebadilisha, lakini mwanamke aliyeapa kwamba mwanawe hajapewa hata tone la maji hahitaji jina ili ajitambue. Redio hii inafika huko kwenu, na saa hizi wanawake wengi wako jikoni wanatusikiliza. Kama Boke ni mmojawao, ameshaacha kukoroga, amesimama, anakungoja.

Zima redio, Waitara. Ingia jikoni.