Fahali Hamalizwi kwa Simu

Timau, Jumapili asubuhi, baridi ikiuma. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu tuhamishwe kutoka shamba la baba kule Siakago, wewe ukabaki huko na bucha yako, mimi nikaja huku, na ni wa kwanza bila simu yako ya Ijumaa.

Rajabu, ndugu yangu,

Siwezi kukaa. Tangu alfajiri nazunguka meza, nashika kikombe, nakiweka. Fahali, ile kadi yetu, amemalizika, na nimemmaliza kwa simu. Nisamehe.

Binti yako Zuhura anaiendesha bucha vizuri. Jioni waendesha boda bado wanakuja pale nyuma kucheza kadi tulizobuni mimi nawe, kila mmoja na furushi lake mfukoni, wakibadilishana kadi ya Kisima kwa ya Mvua na kutaniana bila huruma. Lakini wiki iliyopita alinipigia: "Baba mdogo, hii Fahali inaua mchezo. Ikionekana tu, watu wanaamka wanaenda. Jumamosi wanaitoa."

Kuitoa! Kadi uliyoichora mwenyewe kwenye boksi la sabuni, pembe moja ikakuponyoka ikaelekea chini, ukasema hiyo ni ya kuwachokoza walimu wastaafu.

Hata hivyo walikuwa na haki. Fahali akitua mezani, ng'ombe wa wengine wote wanatawanyika, na asiyepata ng'ombe mwingine kwa zamu moja ametoka. Unakumbuka tulivyohangaika. Nilimwekea bei ya Mvua tano, akawa ghali hata akaozea mkononi. Nikampunguzia nguvu, atawanye ng'ombe wawili tu, nawe ukanicheka: "Mwalimu, huyo si fahali. Huyo ni mbuzi aliyeshiba." Na kila nilipokaribia jawabu ulinikatiza: "Fahali hamalizwi kwa simu. Rudi, tummalize hapa." Nami nikajibu, mwakani. Tukamchunga fahali mmoja miaka yote hiyo, wewe huko kwenye joto, mimi huku kwenye ngano na upepo. Kisha ukatangulia kaburini.

Mwezi uliopita jirani alipokea wakwe. Nilisimama penye mbuzi nikitazama kisu, tabia uliyonifunza wewe. Shingo, mbavu, figo: kila kipande kilikuwa na mwenyewe kabla kisu hakijanolewa. Mwenye mbuzi akagawa, akagawa, akabaki anacheka na vidole vyenye mafuta. Kando, juu ya majani, likawekwa fungu la mtu ambaye hakuwepo. Hakuna aliyeligusa. Niliacha chai yangu nikaenda nyumbani.

Sikiliza basi. Fahali anabaki na nguvu zake zote. Ila akishatumika amechinjwa, harudi mkononi, na aliyemchinja lazima agawe: kila mpinzani anachagua kadi moja kutoka kwake, aliye hoi zaidi akianza. Kadi yake nyingine moja inalazwa kifudifudi katikati. Hilo ni fungu la asiyekuwepo, na wa kwanza kukosa ng'ombe zamu yake inapokwisha ndiye atakayelifunua. Pengine ng'ombe yumo.

Jana walijaribu, simu ikiwa wazi juu ya mzani wako. Aliyeshika Fahali alikaa naye muda mrefu mpaka wakamzomea: "Mtoe! Ama unangoja mahari?" Kusita kule, Rajabu! Ndiko tulikokuwa tukikutafuta. Akamtoa. Mwingine akapiga kelele, "Chukua Kisima chake, usimwonee haya!" Hakuna aliyeamka kwenda. Sijui nani alishinda. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

Baadaye Zuhura akasema, "Sasa njoo, baba mdogo. Fungu lako lipo." Sauti ilikuwa yako. Nikamwambia alifunue atakayeishiwa ng'ombe.

Lala salama, ndugu yangu. Wanataka kuchora Fahali mpya. Nimeahidi, nawe nakuahidi, kwamba pembe ile haitanyooshwa nikiwa hai. Kila "mwakani" niliyokuahidi ilikuwa kwa ajili yako na fahali yule, na sasa nyote mmekwisha. Sitarudi Siakago.